Andikeni saa ni za wapi

Kondakta wa zamu ya usiku hapaswi kuitwa ofisini ajieleze kwa sababu mtengenezaji programu alikosa kuandika sentensi moja. Hilo limetokea katika Sacco (chama cha ushirika) moja ya matatu za mtaa wa Umoja, Nairobi, na bado linaniuma.

Ofisi hiyo siku hizi hutumia ajenti wa akili unde kuandaa ripoti za mwezi. Ajenti huita zana, yaani programu ndogo, ya kupakua malipo, hupokea faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu), hujumlisha, kisha huandika ripoti. Ripoti ya Juni 2025 ilionyesha mapato kiduchu usiku wa kuamkia tarehe 1, ilhali huo ulikuwa usiku wa Jumamosi, tena wa kuamkia sikukuu ya Madaraka. Mhasibu akamwita kondakta wa zamu hiyo, kijana.

“Madam, hizo pesa zote ziliingia kwa till,” kijana akasema, akamfungulia meseji kwenye simu: tarehe 1 Juni, saa sita na dakika arobaini usiku. Kwenye faili, malipo hayo hayo yalisomeka 2025-05-31 21:40, bila alama yoyote ya kuonyesha hizo ni saa za wapi.

Zilikuwa za UTC, yaani saa sanifu ya dunia. Nairobi iko mbele kwa saa 3, Januari hadi Desemba, kwa hiyo kila shilingi inayolipwa kati ya saa sita na saa tisa usiku inaandikwa siku iliyotangulia. Juni ikanyang'anywa saa tatu za usiku wa sikukuu, abiria wakiwa tele, ikapewa saa tatu za usiku wa Jumatatu kuamkia Julai, magari yakiwa nusu tupu. Ukitazama jumla ya mwezi pekee huenda usishtuke, kwa sababu mwanzoni pesa zimetoka na mwishoni nyingine zimeingia. Ukitazama zamu ya mtu mmoja, anaonekana mwizi.

Maelezo yote ya zana hiyo yalikuwa haya: “Hupakua malipo kwa tarehe.” Ajenti aliyasoma, akayaamini, akafanya kazi kama alivyoelekezwa.

Karani mgeni angeinuka kitini amuulize mwenzake mbona malipo ya usiku wa manane yanasomeka saa tatu usiku. Ajenti hana mwenzake wa kumuuliza. Katika itifaki ya MCP, utaratibu wa kuunganisha ajenti na zana ambao kampuni ya Anthropic iliutoa Novemba 2024, zana hujitambulisha kwa jina, maelezo na vigezo inavyopokea. Modeli, yaani akili unde inayomwendesha ajenti, huamua kwa kusoma hayo. Msimbo ulio nyuma ya zana haiuoni. Kwa hiyo maelezo ni sehemu ya programu, na yakiwa na pengo, programu ina hitilafu.

Watu huniambia modeli zinazidi kuwa erevu, zitajigundulia zenyewe. Haya, nakubali kwamba ajenti makini angeweza kushuku mpangilio wa saa zile. Lakini kushuku si kujua, na mshahara wa mtu haukatwi kwa kubahatisha. Jambo ambalo halikuandikwa popote, werevu utalitoa wapi? Kiwango cha ISO 8601, cha kuandika tarehe na saa, kipo tangu 1988: herufi Z mwishoni mwa saa za UTC, au +03:00 mwishoni mwa saa za Nairobi, ingetosha kabisa. Na kwenye maelezo: “Saa ziko katika UTC. Kwa ripoti za Kenya, omba kuanzia saa 21:00 ya siku iliyotangulia, kisha ongeza saa 3.” Kuandika hivyo kunachukua muda gani?

Nanyi watengenezaji programu, semeni pia kama zana hukomea mistari 1,000, na jinsi ya kupata iliyobaki. Semeni kama kiasi ni shilingi au senti. Semeni kama malipo yaliyorudishwa yamo au yameondolewa. Nambari za simu zinazoanza na 07 ziandikwe kama maandishi, sifuri isipotee.

Kisha, kabla ya kuitoa zana, mpeni mtu ambaye hajawahi kuona msimbo wenu maelezo hayo pamoja na faili moja, mumwombe mapato ya usiku mmoja wa mwisho wa mwezi. Akikosea, rekebisheni maelezo. Na kolamu ikibadilika, maelezo yabadilike siku hiyo hiyo, kabla ofisi yoyote haijapakua faili.