Nairobi kujengwa kinamasini: kosa la nani?

Kila masika Nairobi ikifurika, hakosi mtu wa kuwalaumu Waingereza: nani hujenga mji mkuu kwenye kinamasi? Mafuriko ya Aprili 2024 yaliposomba nyumba katika mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru, hoja hiyo ilisikika tena. Ina ukweli, ila imeacha mengi nje.

Tuanze na haki ya wahandisi. Reli ilifika hapo Mei 1899, kama kilomita 530 kutoka Mombasa. Mbele yao kulikuwa na milima ya Ukikuyu, kisha mteremko mkali wa Bonde la Ufa. Nyuma, mbuga za Athi. Hapa katikati palikuwa tambarare, na kulikuwa na mto ambao Wamaasai waliusifia maji yake baridi. Walichokuwa wakitafuta ni mahali pa kulaza reli nyingi sambamba na kujenga karakana, na kwa kazi hiyo pale palifaa kabisa.

Balaa ni kwamba mji ulifuata karakana. John Ainsworth, mtawala wa Ukamba, alihamia hapo kutoka Machakos mwaka huo huo. Wahindi wakafungua maduka ya mabati, na watu wa pwani na wa bara wakajenga vijiji kama Pangani. Lakini udongo wa uwanda ule ni mweusi: ukilowa unavimba na kunata, ukikauka unapasuka nyufa, na maji ya mvua yanabaki yametuama juu kwa kuwa hakuna mwinamo wa kuyaondoa. Tauni ilipoingia 1902, wakuu waliamuru mtaa wa maduka ya Wahindi uchomwe moto. Ukachomwa, kisha ukajengwa upya kwenye tope lile lile.

Kuanzia hapo, utetezi wa kwamba hawakujua haunishawishi. Mwaka 1904 madaktari walipendekeza mji wote uhamishwe, na wakati huo ulikuwa bado mdogo. Badala yake, 1905 makao makuu ya serikali yakaondolewa Mombasa yakaletwa hapo. Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni wa Uingereza, alipopita 1907, aliona muda wa kubadilisha umeshapita.

Ni kweli, walikuwa na sababu. Reli ilikuwa imekula zaidi ya pauni milioni 5 na London ilitaka izalishe. Walowezi walikuwa wakimiminika bara. Na Mombasa, kwa mkataba, ilikuwa bado ardhi ya Sultani wa Zanzibar. Hizo ni sababu za kuhamia bara, wala si za kung'ang'ania uwanda huo.

Na hata uwanda haukuwa ndio mji mzima. Magharibi na kaskazini palikuwa na ardhi ya juu, udongo mwekundu unaokunywa maji, na huko ndiko maofisa walikopanda kujenga nyumba zao. Wahindi walibanwa bondeni. Waafrika walisukumwa mashariki, wakatengewa mtaa wa Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ikabomolewa. Kwangu mimi, ugawaji huo una lawama kubwa kuliko kinamasi. Mathare yenyewe haikuwa sehemu ya kinamasi cha reli. Ni bonde la mto lenye machimbo ya mawe, na watu walikwenda kuishi humo kwa kukosa ploti mahali pengine, kabla ya uhuru na baada yake.