Muundi umefungwa, unyayo uko wazi

Tazama picha za askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza huku Afrika Mashariki, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kaptula ya kaki inaishia karibu na goti, muundi umezungushiwa utepe wa sufu kama bandeji, na chini ya kifundo hakuna kitu. Yuko pekupeku.

Utepe ule, kwa Kiingereza puttee, Waingereza waliuchukua India, ambako patti kwa Kihindi maana yake ni bandeji. Ulikuwa na urefu wa karibu mita mbili na nusu. Askari wa miguu alianzia kifundoni, akapanda mzunguko juu ya mzunguko hadi chini ya goti, akafunga kamba. Ukiulegeza unateremka njiani; ukiukaza kisha ukalowa, damu haipiti vizuri. Kwenye mahandaki ya Ufaransa hilo lilichangia ugonjwa wa miguu kuvimba na kuoza kwa maji na baridi, ndiyo maana wengi wanauhesabu kuwa vazi bovu.

Mimi nauonea huruma kidogo. Sufu ni ya bei rahisi kuliko ngozi; hata Wajerumani, ngozi ilipowaadimikia, waliwapa wanajeshi wengi viatu vifupi na tepe badala ya buti ndefu. Na katika pori la Afrika Mashariki ulikinga miiba na nyasi zinazokata.

Kinachoniuma ni ule unyayo. Waliotetea desturi hiyo walisema Mwafrika amezoea kwenda pekupeku, na buti zingemtoa malengelenge. Kuna ukweli hapo: asiyezoea viatu akitembezwa siku nzima na buti ngumu ataumia. Lakini funza, aliyeingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, hajali unyayo mgumu. Hupenya chini ya kucha na pembeni mwa vidole, akavimba na mayai humo ndani, na kidonda kikiingia uchafu mtu hawezi kuandamana. Tena askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani walianza vita wakiwa na buti, nao walikuwa wamekulia pekupeku vilevile. Wapagazi, waliobeba chakula na risasi za majeshi yote mawili, hawakupata hata huo utepe.

Mwaka 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ya jeshi la Waingereza ilipopita kwenye matope ya bonde la Kabaw, Burma, askari wake walivaa buti. Wengi walitoka nchi zilezile za wale wa 1914.