Prisons ibaki ya askari, na ibaki Mbeya

Tanzania Prisons, timu ya Jeshi la Magereza, wakipoteza mechi mbili mfululizo, vijiwe vya Mwanjelwa hapa Mbeya vinarudi kwenye hoja ile ile: Magereza waachane na mpira, timu ikabidhiwe tajiri aiendeshe kisasa. Napinga. Napinga kwa sababu huku Nyanda za Juu Kusini tumeshaona timu zinavyotuponyoka mikononi.

Tukuyu Stars walitoka Rungwe wakabeba ubingwa wa Bara mwaka 1986, wakawaacha Simba na Yanga wakitazamana. Leo kijana wa Tukuyu anaisikia habari hiyo kwa wazee tu. Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, ikafungwa na Azam kule Lindi, na msimu uliofuata ikashuka daraja. Ihefu ndiyo inayoniuma kuliko zote. Novemba 29, 2022, pale Ubaruku, Mbarali, waliifunga Yanga 2-1 na kukata mlolongo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Wakulima wa mpunga waliacha kazi zao wakaenda kushuhudia. Haikupita hata miaka miwili, timu ikahamia Singida, ikabadilishwa na jina. Mbarali hawakuulizwa.

Ndiyo maana nikisikia neno tajiri, moyo unashtuka.

Najua Prisons nao waliwahi kwenda kuchezea mechi za nyumbani Sumbawanga, na Simba wakafungwa huko mwaka 2020. Lakini walirudi. Taasisi yenye makao, mishahara na watu wake haiamki asubuhi moja ikauza timu kwa sababu mfadhili kachoka.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wa redioni hawaligusi. Mchezaji aliyeajiriwa Magereza ana kazi hata goti likimsaliti. Siku ya mechi pale uwanja wa Sokoine, huku ukungu ukishuka kutoka mlima Loleza na mahindi ya kuchoma yakipita mikononi mwa watu, angalia wanaume wa makamo wanaosimama karibu na uzio wakipaza sauti, "Beki, panda! Panda!" Mmoja wao namfahamu. Alikuwa beki wa kulia wa timu hiyo, akavunjika mguu, na hadi leo ni askari, watoto wake wanasoma, mwisho wa mwezi mshahara unaingia. Nawafahamu wengine waliochezea klabu zenye fedha nyingi kuliko hiyo, na sasa wanaomba nauli stendi. Mpira wetu unawatupa watu vibaya sana. Timu ya jeshi haiwatupi, na kwangu hilo lina uzito kuliko nafasi ya tano au ya sita kwenye msimamo.

Hata hivyo msimu wa 2024/25 ulitutesa na siwezi kuupamba. Kumaliza nafasi ya 13 na kuingia mechi za mtoano na Fountain Gate ili tu kubaki Ligi Kuu si hadhi ya timu hii. Nidhamu ilikuwepo, kukaba kulikuwepo, ila mbele palikuwa pakavu. Mpira unafika kwenye kumi na nane, mbele ya goli la wapinzani, kila mtu anasubiri mwenzake apige. Nafuu ni kwamba walivuka. Mbeya City, wao mtoano uliwashusha mwaka 2023 mbele ya Mashujaa ya Kigoma, nayo timu ya jeshi, na ikawachukua misimu miwili kupanda tena.

Viongozi wa Prisons waache kugombania wachezaji walioachwa na wengine kila dirisha la usajili. Wanaokuja kwa mkataba mfupi wanaondoka na mkataba wao, na msimu unaofuata kocha anaanza upya. Wapite Rungwe, Mbozi, Mbarali, Makambako na Mufindi, waangalie mashindano ya shule za sekondari, wachukue mabinti na vijana wenye miaka 17 au 18. Ndiyo, na mabinti, maana timu ya wanawake ya JKT imeshabeba ubingwa wa nchi na hakuna sababu Magereza wabaki nyuma. Wawalee pamoja, na wenye sifa wakifikisha umri wapewe ajira. Mshambuliaji tunayemtafuta kila Januari yuko kwenye kiwanja cha vumbi mahali fulani kati ya Uyole na Mafinga, na nauli ya kumfuata haizidi posho ya kikao kimoja.