Rosa Mistika: shida ni kitabu au ni anayekifundisha?

Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, ilipotoka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni, ngono imezidi mle, alafu baadae kitabu hichohicho kikaingia kwenye silabasi ya sekondari, Tanzania na Kenya pia.

Sisi tulikisoma kidato cha tatu, nakala sita darasa zima, na ukiziweka juu ya dawati zinafunguka zenyewe palepale penye ngono. Mwalimu akifika hapo anakohoa, "hapa mtamalizia wenyewe", basi usiku bwenini ni tochi ndani ya shuka. Sasa hapo mtoto ameachiwa kipande kitamu bila mtu wa kumwonyesha kwamba Rosa anaanza kuharibikiwa nyumbani, kwa baba mlevi anayempiga kisa barua ya mvulana, na akifika chuo cha ualimu mkuu wa chuo mwenyewe ndo anatembea nae. Ukiyatoa hayo kinachobaki kweli ni matusi matupu.

Wazazi wanaopinga siwacheki lakini. Binti anajiua mle ndani, na kwa ufundishaji wetu wa kukimbizana na mitihani ya taifa ya NECTA kifo chake kinaishia kuwa hoja namba tatu kwenye "jadili dhamira", mtoto wa miaka 15 anakariri anasonga mbele, hakuna aliyemuuliza amejisikiaje. Mi hilo linanitisha kuliko kurasa za tochi. Suala la umri nalo lipo, Februari 2023 waziri wa elimu wa Tanzania, Mkenda, alipoondoa vitabu 16 mashuleni, Diary of a Wimpy Kid ikiwemo, kelele zilikuwa nyingi, ila mzazi kuuliza mtoto wa darasa la tatu anasoma nini ni haki yake kabisa. Tatizo hoja ya la tatu inabebwa hivyohivyo inapelekwa kidato cha tano, watu wazima wana ndevu!

Na kuna kitu hatupendi kukigusa. Mpaka Novemba 2021 hapa kwetu Tanzania binti akipata mimba shule ndo basi tena, na aliyempa saa nyingine yupo ofisi ya walimu anasahihisha madaftari. Kezilahabi aliwaanika walimu wa aina hiyo miaka 50 kabla, kwahiyo mwalimu akiniambia kitabu kinaharibu watoto namsikiliza, ila namwangalia na yeye.

Ningeachiwa mimi, kianzie kidato cha tatu, na mwalimu asome kwa sauti mpaka mwisho bila kuruka. Akishindwa amwachie matroni.