Namba ya bunduki haikisiwi

Kinachonikera kuhusu fomu za ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha kule Marekani, ni watu kuzijaza mbiombio, halafu wanalalamika zikirudishwa. Sheria ya mwaka 1934 inataka bunduki za mtutu mfupi na viwambo vya kuzuia sauti visajiliwe. Sasa mtu ananakili namba kutoka kwenye risiti ya dukani wakati imechongwa kwenye chuma! O inageuka 0, I inageuka 1, maombi yanakwama. Jina nalo: kitambulisho kina matatu, fomu ina mawili. Na kadi za alama za vidole zimelowa wino hadi mistari haionekani. Jamani, msomeane namba ya bunduki herufi kwa herufi kabla hamjasaini. Kama ni trasti, yaani silaha inamilikiwa kwa mpango wa kisheria badala ya jina la mtu mmoja, kila mhusika ajaze dodoso lake, asisahaulike hata mmoja.