Nanyuki: Aliyeuza Ekari Yake Si Mjinga

Matangazo ya ploti za Nanyuki, mji wa Laikipia chini ya Mlima Kenya, yanafanana: mlima unauona ukiwa kitandani, dakika tano kutoka lami, hati miliki tayari. Bei zikizungumzwa, lawama humwendea mtu mmoja: mkulima aliyeuza. Eti kala urithi wa watoto.

Wanaosema hivyo wengi hawajawahi kulima upande ule. Baada ya uhuru, kampuni za kununua ardhi zilichukua mashamba ya walowezi na kuwakatia wanahisa vipande, ekari mbili huyu, tano yule. Aliyechora ramani hakuuliza mvua. Sehemu kubwa ya Laikipia iko kwenye kivuli cha mvua cha Mlima Kenya, na mlowezi alifuga ng'ombe huko kwenye maelfu ya ekari, hakuwa mwendawazimu wa kutegemea mahindi kwenye mbili. Mrithi wa mwanahisa ndiye anayetegemea. Msimu mmoja yanakauka yakiwa magotini. Mwingine yanabeba vizuri, halafu tembo wanaingia usiku. Dalali akifika na pesa ambazo shamba lile halitazitoa hata likilimwa miaka ishirini, kukataa ndiko kungehitaji maelezo.

Tena si kwamba anauza gizani. Shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi, na mwenzi wa ndoa lazima akubali (ingawa sote tunajua kuna wake wanaoitwa siku ya sahihi tu).

Upande wa pili una hoja pia. Mwalimu wa mjini hawezi kushindana na mtu wa Nairobi anayetaka nyumba ya wikendi, na nyumba za kukodisha kwa usiku zinapunguza za kupanga kwa mwezi. Hofu ya kwamba wageni watamiliki kila kitu ndiyo dhaifu: Katiba ya 2010, kifungu cha 65, humpa asiye raia umiliki wa kukodi tu, usiozidi miaka 99.

Hoja inayonisumbua mimi ni ya ploti ya futi 50 kwa 100. Ukitoa barabara, ekari moja huzaa ploti kama saba. Pale palipokuwa na familia moja na choo kimoja panakuwa na nyumba saba, na mahali pasipo na mfereji wa maji taka, kila moja na shimo lake. Mwenye uwezo anachimba kisima, na ndani ya futi 50 kwa 100 kisima hakiwezi kulikimbia shimo la maji taka mbali, lake au la jirani. Kisha kuna bustani ya nyasi ya kunyweshea kiangazi kizima, mwenyewe akiwa Nairobi. Mito ya Nanyuki na Likii humwagia Ewaso Ng'iro, ambao kiangazi kikali hukauka kabla ya kuwafikia wafugaji wa Isiolo na Samburu. Hao hawamo kwenye bei ya ploti yoyote.

Lakini hilo nalo tunambebesha muuzaji, kana kwamba yeye ndiye angelaza mabomba. Chini ya sheria ya mipango ya 2019, ruhusa ya kugawanya ardhi hutolewa na kaunti. Ramani ya mgawanyo hupita mezani pake kabla bikoni ya kwanza, alama ya mpaka, haijazikwa, na inaweza kurudishwa na swali moja: maji taka yataenda wapi?