Semina peke yake haimbadilishi mwalimu

Mimi naona mbinu mpya za kufundishia zinakwama kwa sababu ya vile zinavyoletwa, sio kwamba walimu ni wabishi. Mnaitwa semina siku mbili, posho, kitini, mwezeshaji anaelezea ufundishaji shirikishi kwa kuwasomea slaidi, afu Jumatatu mwalimu karudi kwa watoto wake 90, chaki ile ile, silabasi ile ile inayotakiwa iishe kabla ya mtihani. Hapo abadilike vipi jamani?

India walishapitia hili. Kuna shirika linaitwa Pratham, lilianzia Mumbai miaka ya 90, njia yao haina makuu, mtoto anapimwa kama anajua herufi, maneno, aya au hadithi nzima, kisha anakaa na wenzake wa kiwango hicho hata kama mmoja yuko la tatu mwingine la tano. Vijana wa kujitolea vijijini waliifanya na watoto wakajua kusoma. Sasa ilipopelekwa kwa walimu wa serikali kule Bihar na Uttarakhand, mafunzo na vitabu peke yake havikuleta kitu cha maana, maana mwalimu alikuwa bado anadaiwa silabasi.

Haryana mwaka 2012 ndo wakabadilisha utaratibu. Ikatengwa saa nzima kwenye ratiba kwa ajili ya hiyo kazi tu, na maafisa wanaosimamia walimu wakapelekwa kwanza wao wenyewe kufundisha watoto kwa mbinu hiyo, kabla ya kwenda kumwelekeza mtu. Usomaji wa Kihindi ukapanda. Hicho cha maafisa mimi nakipenda kuliko vyote, kwa sababu mwalimu anamjua haraka sana mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya darasa la vile akafanikiwa.

Zambia nao wameichukua kwa jina la Catch Up, na Kenya kwenye Tusome, mpango wao wa kufundisha watoto kusoma ulioanza 2015, maafisa walipewa tableti, wakawa wanaingia darasani, wanasikiliza watoto wakisoma, kisha wanaongea na mwalimu hapo hapo.

Kwetu Tanzania tuna MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, walimu wanajifunza shuleni kwao kwenye jumuiya za ujifunzaji, na mimi naiunga mkono kabisa. Ila ombi langu kwa wahusika, hela ya kumbi za semina ipunguzwe iwe nauli ya maafisa, na afisa akifika asianze kudai andalio la somo, aombe kipindi kimoja afundishe yeye na mwalimu akae nyuma amwangalie, baada ya hapo ndo waongee.